Kwenye kioo sarafu inapotea, mbele ya watu nakamatwa: nifanyeje?

"Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana wa miaka 23, nipo Morogoro, nimejifunza mazingaombwe mwenyewe kupitia simu huu mwezi wa nane sasa, hasa sarafu na karata kidogo. Kila usiku nafanya mazoezi mbele ya kioo cha dresing tebo ya mama, na kwenye kioo sarafu inapotea kabisa mpaka mwenyewe nashangaa. Mwezi uliopita kwenye sendofu ya binti wa jirani nikaombwa nifanye kidogo, nikasimama mbele, wakubwa wamekaa kwenye viti na watoto mkekani karibu na miguu yangu. Mchezo wa kwanza tu, katoto ka miaka saba hivi kakapiga kelele 'iko mkono ule mwingine!', watu wakacheka, nikaishia hapo. Niliporudi nyumbani nikajirekodi na simu kwa slomosheni, nikaona siri yote iko nje, na kila nikirudia bado naiona. Kuna mtu kaniambia wanamazingaombwe wa kweli hawatumii kioo, eti kinaharibu. Je, niache kioo nitumie video tu? Au nikubali tu sina kipaji? Na mama ameanza kuuliza kwa nini naongea na kioo usiku."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na ntaanza na lile la kipaji kwa sababu naona ndio linalokuumiza. Hilo liweke pembeni. Ulichoeleza hapo sio dalili ya mtu asiye na kipaji, ni dalili ya mtu ambaye miezi nane nzima amefanya mazoezi mbele ya mtazamaji mmoja tu, na huyo mtazamaji siri anaijua, anatazama kutoka sehemu ile ile kila siku, tena inawezekana kabisa anafumba macho pale pale ambapo alitakiwa kuangalia. Mtazamaji huyo ni wewe. Kwenye kioo ulikuwa unajipendelea, kwenye slomosheni ukajionea, na hakuna hata siku moja ulijiona jinsi yule mtoto alivyokuona.

Sasa hilo la kwamba wanamazingaombwe wa kweli hawatumii kioo, aliyekwambia kakupa nusu ya maneno. Kabla ya hizi simu watu walijifunza kwa kioo miaka na miaka, na mpaka leo mtu anayejifunza mchezo mpya wa mikono ataanza na kioo siku za mwanzo. Ubaya wa kioo unakuja ukikaa nacho muda mrefu kupita kazi yake. Kioo ni cha kujenga mkono, yaani ile wiki ya kwanza mpaka ya pili ambapo bado hujui kidole gumba kikae wapi na unataka kuona hapo hapo, unasogeza kidogo, unaona tena, unasogeza. Video haiwezi kukupa hiyo, maana ukirekodi lazima usimame, uende kwenye simu, utazame, urudi. Kwaiyo kioo usikitupe. We tatizo lako ni kwamba kioo kilimaliza kazi yake mwezi wa kwanza na we ukaendelea nacho miezi mingine saba.

Twende taratibu nikuonyeshe kilichotokea pale kwenye sendofu, maana naona jibu umeliandika mwenyewe bila kujua: watoto walikuwa mkekani.

Kioo kina tabia moja ambayo wengi hatuifikirii. Ukisimama mita moja mbele ya kioo, taswira yako inakuwa mita moja nyuma ya kioo, yaani ni kama kuna mtu amesimama mita mbili kutoka ulipo anakuangalia. Na huyo mtu macho yake yako kwenye kimo kile kile cha macho yako, sio juu wala chini, kwa sababu ni macho yako mwenyewe. Kwaiyo miezi nane umemchezea mtu mmoja wa urefu wako, amesimama wima, yuko mbele yako katikati, hasogei kulia wala kushoto. Mtu kama huyo kwenye sherehe hayupo! Kwenye sherehe kuna shangazi amekaa kwenye kiti upande wa kushoto, kuna mpiga picha anapita nyuma yako, na kuna watoto chini, ambao macho yao yako chini ya kiuno chako.

Chukua sarafu sasa hivi, ya mia mbili au ya mia tano, yoyote. Ifiche kama ulivyozoea, imelala pale vidole vya kati vinapoanzia, vidole vimekunjwa kidogo, nyuma ya mkono imeelekea kwa watazamaji. Uinue mkono usawa wa kifua. Ukiutazama kwa mbele ni mkono mtupu kabisa, na kwa juu kidole gumba kinaziba. Haya, muombe mtu akae chini sakafuni akwambie anaona nini. Ataona ile nafasi ya chini upande wa kidole kidogo iko wazi, na ndani sarafu inang'aa, hasa kama taa iko nyuma yake. Yule mtoto hakukushinda ujanja, mdogo wangu, alikaa sehemu ambayo hukuwahi kuificha. Angekuwa amekaa shangazi yako pale pale angeiona pia, sema shangazi angenyamaza kwa adabu, na hii nayo ijue, wakubwa wengi wanaona na wananyamaza, mtoto ndiye anayesema, kwaiyo huyo alikupa taarifa ambayo ulikuwa unaikosa miezi yote hiyo.

Hilo kioo chenyewe kinaweza kukusaidia kulirekebisha. Ushawahi kuingia duka la viatu ukaona kile kioo kifupi kimeegeshwa chini, kimelala kidogo kwa nyuma? Ukisimama mbele yake ni kama mtu anakutazama kutoka chini kwenda juu. Tafuta kioo cha bei rahisi, hata kile cha ukutani kilichovunjika fremu, kiweke sakafuni ukiegeshe ukutani kiwe kimelala kidogo, afu fanya mchezo wako. Hilo ndilo jicho la mkekani. Na kama dresing tebo ya mama ni zile za zamani zenye vioo vitatu, vya pembeni vinavyofunguka kama mlango, basi una utajiri ndani ya nyumba, vile vya pembeni vigeuze taratibu mpaka uone mkono wako kwa ubavu, ndio utajua engo zako mbaya ziko wapi. Kila mchezo una engo mbaya, hakuna usiokuwa nazo, ufundi ni kuzijua kabla mtu hajakaa hapo. Ukishazijua unaweza kushusha mkono, kuugeuza nusu, au kuwaambia watoto wasogee nyuma kidogo "ili wote waone", sentensi moja tu na umejiokoa.

Hiyo ni engo. Sasa kuna jambo la pili la kioo ambalo ni baya zaidi, na hili mtu hawezi kulijua mpaka aonyeshwe. Macho.

Sarafu unaitoa mkono wa kulia unajifanya umeiweka wa kushoto, siri ni kwamba imebaki kulia. Hili lipo kwenye kila kitabu cha wanaoanza kwaiyo simwagi siri ya mtu hapa. Kwenye maisha ya kawaida ukihamisha kitu macho yako yanakwenda nacho, hufikirii, yanakwenda tu. Lakini mbele ya kioo we unataka kuona kama sarafu ya kulia imejificha vizuri, kwaiyo macho yanabaki kulia, au yanabaki mbele kwenye kioo, usiku mmoja, usiku mia mbili. Mwili unajifunza hivo. Siku ya sendofu, hamna kioo, hofu imekushika, mwili unafanya ulichoufundisha: mkono wa kushoto unaondoka na "sarafu" na macho yako yamebaki kulia. Hata kama sarafu ilifichwa kikamilifu, umeshamwonyesha mtu ilipo kwa macho yako mwenyewe.

Na nguvu ya macho hapa sio stori za wazee wa mazingaombwe tu. Mwaka 2006 watafiti wawili, Gustav Kuhn na Michael Land, walitoa utafiti wao wa ule mchezo wa mpira mdogo unaorushwa juu mara mbili, na mara ya tatu mkono unarusha lakini mpira umebaki kiganjani. Mwanamazingaombwe alipotazama juu kama anaufuata mpira, kama theluthi mbili ya watazamaji walisema wameuona mpira ukienda juu ukapotelea hewani. Mpira ambao haukuondoka mkononi! Alipofanya mchezo ule ule ila macho yakabaki kwenye mkono wenye mpira, walioamini walishuka mpaka kama theluthi moja. Mkono ule ule, mpira ule ule, kilichobadilika ni anapoangalia. Na tafadhali shika hili, maana ntalirudia: watu wale walikuwa wanautazama mchezo kwenye video.

Jambo la tatu la kioo ni dogo ila limenikuta mimi. Ukifanya mchezo mbele ya kioo miezi mingi unaanza kupepesa macho bila kujua, sekunde ile ile ya siri. Ni kama mwili unakusaidia kutokuona kosa. Wanamazingaombwe wanaonyana sana kuhusu hili. Mi nilikuwa na mchezo wa karata, kunyanyua mbili kama moja, kwenye kioo ukawa safi kuliko yote niliyokuwa nayo, na nilipojirekodi uso na mikono kwa pamoja nikakuta mara tisa kati ya kumi nimefumba macho pale pale, yaani ule usafi sikuwahi kuuona hata siku moja, nilikuwa nauruka. Ilinichukua wiki kadhaa kuacha. Kwaiyo ukisema "hata mimi mwenyewe nashangaa sarafu inavyopotea", mi hapo nashtuka, kwa sababu anayeijua siri hatakiwi kushangaa. Usiku huu weka simu ikuchukue uso wakati unafanya kwenye kioo, uhesabu mwenyewe.

Haya, tuje kwenye video, ambayo nayo umeitumia vibaya ikakuvunja moyo.

Kwanza ile hisia kwamba kwenye video unaonekana wa ajabu, mikono mizito, uso sio wako. Maisha yako yote sura yako umeiona kwenye kioo, na kioo kinageuza kulia kuwa kushoto, kwaiyo sura unayoijua kama yako ni ile iliyogeuzwa. Video ikikuonyesha kama wengine wanavyokuona unajiona umekaa upande. Ni sawa na kusikia sauti yako iliyorekodiwa mara ya kwanza. Sio kosa la mchezo, na baada ya video kumi hivi linaisha. Ila angalia kamera ya mbele, simu nyingi zinakuonyesha umegeuzwa kama kioo wakati unarekodi afu video ikihifadhiwa inakuwa imegeuka tena, zingine zinaacha hivo hivo kutegemea setingi. Ili usichanganyikiwe tumia kamera ya nyuma. Faida nyingine ya kamera ya nyuma ni kwamba hujioni wakati unafanya, na ndio tunachotaka, maana ukirekodi kwa kamera ya mbele huku unajitazama kwenye skrini, hapo hujaacha kioo, umebadilisha kioo tu.

Pili, slomosheni. Simu ikirekodi fremu 240, yaani picha 240, kwa sekunde na ukaichezesha kwa fremu 30, sekunde moja inakuwa sekunde nane. Mchezo wako wa kuhamisha sarafu unachukua kama sekunde moja. Kwaiyo umejipa sekunde nane za kutazama kitu ambacho yule bibi kwenye kiti anakipata sekunde moja, tena yeye hajui siri wala hajui atazame wapi, na we unajua vyote viwili na bado ukarudisha nyuma mara ishirini. Hakuna binadamu atakayekuona hivo. Slomosheni ni kama kipimo cha maabara, unaitumia kujua ugonjwa uko wapi, kidole gani kinachelewa, sarafu inachungulia saa ngapi, afu unaifunga. Hukumu ya kama mchezo unapita au haupiti itoe kwenye mwendo wa kawaida, ukiwa umetazama mara moja tu.

Na kuna upande wa pili ambao watu hawausemi, kwamba video inaweza pia kukudanganya kwa kukupendelea. Kwenye fremu 30 kila fremu ni kama milisekunde 33, na mkono ukienda kasi unatoka ukungu, sarafu inayochungulia kidogo inapotelea kwenye ule ukungu. Halafu kamera ina jicho moja, binadamu ana mawili yaliyoachana sentimita sita hivi, na shingo inageuka. Ule upenyo mwembamba ambao lenzi haiuoni, mtu aliyekaa karibu anaweza kuuona kwa jicho lake la kushoto. Ndio maana mtu anaweza kuwa na video safi kabisa za mtandaoni na ukikaa naye meza moja unaona kila kitu, maana yeye amejifunza kulichezea lenzi moja. Kwaiyo "nitumie video tu" hapana, nalo ni shimo lile lile kwa mlango mwingine.

Watu wengine husema mchezo unaotegemea kupoteza umakini wa mtazamaji hauwezi kupimwa kwenye video kwa sababu kamera haifuati macho yako. Ule utafiti wa mpira unatuambia sivyo kabisa. Watazamaji wa video nao walifuata macho ya mwanamazingaombwe. Asiyeweza kuyafuata ni wewe, kwa sababu siri unaijua. Ukiirudia video yako mara hamsini utaiona sarafu mara hamsini, hata siku ambayo mchezo umekamilika, kwaiyo ukingoja siku ambayo hutaiona utangoja mpaka uzeeke.

Sasa ufanyeje? Mi ninachowaambia vijana wote wa sarafu ni kimoja, na wengi wanakiruka kwa sababu kinaonekana hakina maana: jirekodi kwanza ukifanya kitu cha kweli. Yaani sarafu iko kulia, iweke kweli mkono wa kushoto, funga mkono, basi. Hamna siri. Fanya mara kumi huku unaongea kawaida, useme hata "hii hela ya maandazi". Afu rekodi mara kumi ya uongo. Kaa chini uzitazame kwa kupokezana, moja ya kweli, moja ya uongo. Pale ndipo utakapoona mambo ambayo kioo kisingekwambia hata kwa miaka kumi.

Nikupe nilichokiona kwa kijana mmoja niliyekaa naye. Kwenye zile za kweli, mkono wa kulia ukishaachia sarafu unalegea hapo hapo, vidole vinaachana kidogo, mkono unashuka wenyewe pembeni kama mtu aliyemaliza kazi. Kwenye za uongo mkono ule ule ulibaki umekakamaa hewani nusu sekunde hivi, kama mtu aliyeshika yai, kidole gumba kimebanwa kwenye kiganja mpaka ukucha umekuwa mweupe. Na mkono wa kushoto kwenye za kweli vidole vinafunga pale sarafu inapogusa ngozi, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, kwa mfuatano. Kwenye za uongo vilifunga vyote vinne kwa mpigo, tena mapema, kabla hata mkono wa kulia haujafika! Sarafu yenyewe ilikuwa imefichwa vizuri mno. Tungekaa mwaka mzima tunarekebisha kuficha na kuficha hakukuwa na tatizo. Tulichofanya, wiki nzima hakugusa siri kabisa, alikuwa anahamisha sarafu kweli kweli mara hamsini kwa siku huku anausikiliza mkono wake, uzito unatoka lini, vidole vinafunga lini. Mkono wa uongo ukaja wenyewe ukimwiga mkono wa kweli.

Zile video ukishazirekodi usizitazame siku hiyo hiyo. Zilaze. Kesho yake ukifungua utakuwa umesahau ipi ni ipi, hasa kama ulizichanganya, na ukijikuta kwenye video ya saba huna uhakika kama ni ya kweli au ya uongo, hapo ndipo mchezo umeanza kukubali. Nyingine, chukua karatasi uzibe sehemu ya skrini yenye mikono, ubaki unaona uso na mabega tu. Kama unaweza kusema siri imetokea saa ngapi kwa kuangalia mabega peke yake, basi na mtazamaji anaweza, mabega huwa yanapanda, pumzi inakatwa, kichwa kinainama. Na mara moja moja tazama umefumba macho, sikiliza tu. Sarafu ikigonga pete au saa inalia kidogo na wewe huwa husikii kwa sababu unaongea.

Simu usihangaike na stendi ya bei. Mi nimetumia ndoo iliyogeuzwa na kitabu cha kuegeshea kwa miaka. Muhimu ni kimo. Rekodi moja simu ikiwa kwenye kiti, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, mita mbili hivi, usiisogeze karibu sana maana lenzi za simu zinakuza mkono ulio mbele na utaona kitu ambacho sio. Nyingine simu ikiwa chini kwenye kandambili, engo ya mkekani. Nyingine ubavuni. Zote zisizidi dakika kumi na tano, ukizidisha hapo mkono unachoka na unaanza kujizoesha makosa. Na ukimaliza zifute, au zifiche vizuri, nimeona video ya mazoezi ya mtu ikazunguka kwenye grupu la familia na mchezo mzima ukafa mtaani kwake.

Kuhusu kioo na macho, baada ya mkono kujua njia, geuka. Kipe kioo mgongo. Chagua vitu vitatu chumbani, mfano kitasa cha mlango, kalenda na mto, uvipe majina ya watu, ufanye mchezo huku unavitazama na kuviongelesha, macho yaende na sarafu pale inapotakiwa kuaminika imekwenda na kisha yarudi kwa "mtu". Usitazame mikono. Utaona siku mbili za kwanza sarafu inadondoka hovyo, iache idondoke, fanyia juu ya kitanda.

Ila vyote hivi, kioo, video, kitasa cha mlango, vinakufikisha getini tu. Mtu mwenyewe hana mbadala, kwa sababu mtu anapumua, anakatiza maneno, anashika mkono wako, na hofu inayokuja mbele ya mtu haiji mbele ya simu. Wewe uliruka kutoka chumbani mpaka sendofu, ukumbi mzima, bila kupita kwa mtu mmoja, wawili, watano. Hapo ndipo nadhani ulijikosea zaidi kuliko kwenye kioo. Anza na mtu mmoja, mchezo mmoja, na usimuulize "umeonaje?" maana atakwambia "safi sana" ili usikasirike. Muulize "unadhani sarafu ilikuwa wapi nilipofanya hivi?" na unyamaze.

Na mtu wa kwanza anaweza kuwa mama. Hofu yake naielewa kabisa, kwetu huku neno mazingaombwe watu wengine bado wanaliweka karibu na uchawi, na kijana anayejifungia usiku anaongea na kioo, mzazi yeyote angeuliza. Mwambie wazi kwamba ni kazi ya vidole kama kushona au kupiga gitaa, mkumbushe yule jamaa aliyekuwa anapita mashuleni watu wanatoa hela kidogo wanaingia darasani kumtazama. Siri huna haja ya kumpa, mpe mchezo. Fanya sebuleni, mchana, mlango wazi, yeye akiwa amekaa kwenye kochi ubavuni kwako, ambayo kwa bahati ndio engo nyingine hujawahi kuipima.

Kuna wakati ambapo haya yote hayatoshi na unahitaji mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Wakati mmoja ni huu: video za mwendo wa kawaida ziko safi, engo zote umezipima, mwezi mzima umefanyia watu wachache wachache, na bado wanakukamata sehemu ile ile. Hapo kuna kitu kwenye muda wako au maneno yako ambacho anayekijua ni aliyepita njia hiyo. Mtafute anayefanya kazi hii karibu na ulipo, hata yule wa mashuleni, umuombe kwa heshima, mnunulie chai, saa moja ya macho yake ina thamani kuliko miezi ya kamera. Afrika Kusini wamebahatika, pale Cape Town kuna shule kabisa ya vijana inaitwa College of Magic tangu mwaka 1980, na huko watoto wanajifunza wakitazamana wao kwa wao. Huku kwetu inabidi tutafutane mmoja mmoja, na ukimpata mwenzako anayejifunza pia, hata kama hajui zaidi yako, mkae pamoja mara moja kwa wiki, mmoja kwenye kiti mmoja mkekani.

Wakati mwingine ni mwili. Sarafu na karata zinabana sana shina la kidole gumba na kifundo cha mkono. Uchovu unaoisha ukipumzika ni kawaida. Maumivu yanayoendelea siku kadhaa, ganzi vidoleni, au mkono kukosa nguvu ya kushika kikombe, acha mazoezi uende hospitali ukamuone daktari au mtu wa fiziotherapia, usivumilie ukadhani ndio mkono unakomaa. Nimeona mtu alivumilia na akapoteza karibu mwaka.

Kwa wiki hii nisingependa ujifunze mchezo wowote mpya. Kioo kishushe sakafuni, simu iweke kwenye kandambili, na zile kumi za kweli uzirekodi kabla ya zote. Na yule mtoto wa jirani mtafute. Sio kumuonyesha kwamba sasa unaweza, mpe tu pipi, mwambie alikuwa na macho mazuri, afu muulize alijua saa ngapi, ni alipoiona sarafu au kabla ya hapo, alipokuona wewe unaangalia wapi. Atakujibu bila kuzunguka. Niandikie alichosema, maana akisema "niliiona" tunarekebisha mkono, na akisema "nilijua tu" tunaanza na macho.